Walinzi wa Bibi Nakunda

1

Mimi ni Mpare wa Usangi, na nakwambia mapema usije ukasikia kwa wengine: nabisha. Mama yangu alikuwa akisema nilianza kubishana na mkunga nikiwa bado tumboni, ndiyo maana nikatoka nimetanguliza miguu. Kwa hiyo ukisikia kwamba Nambua Mchome aliomba radhi, tena hadharani, tena kwa mama mkwe wake, ujue kulikuwa na jambo.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye kiti changu cha wagonjwa, Jumatatu asubuhi. Mimi ndiye tabibu meno wa zahanati ya mlimani. Aliyekaa kitini alikuwa Nietiwe Msangi, binti wa miaka kumi na tisa, mpiga tarumbeta wa kanisani. Nilimgusa jino la mbele kwa ncha ya kidole, likacheza.

"Tabibu, nikiacha kupuliza si litakaza lenyewe?"

"Umeacha tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Na mswaki je?"

Akaangalia dari. "Nikipiga mswaki natoka damu. Nikaona niupumzishe ufizi kidogo."

Jamani! Miaka kumi na miwili nahubiri mlima huu, na bado! Ufizi unaotoka damu hauombi kupumzishwa, unaomba kusafishwa. Nikamwonyesha kwenye kioo. Utando laini ulikuwa umejikusanya pale jino linapokutana na ufizi, na utando ule si mabaki ya ugali tu, ni mji mzima wa vijidudu. Ukiachwa unaganda na kuwa ugaga, na ugaga mswaki hauutoi. Ufizi unavimba, unaiva wekundu, unaachana na jino na kufanya kimfuko, na huko ndani mfupa unaliwa polepole. Tena hauumi. Ungekuwa unauma watu wangekuja mapema.

Hayo ni maradhi ya tangu enzi za mababu, na tunayamudu: mswaki mara mbili kwa siku, uzi kati ya meno, kukwangua ugaga, kuachana na tumbaku, kuchunga sukari ya damu. Lakini kizazi chetu kimepata mgeni. Watu wamempa jina Mchwa, maana anakula nyumba kuanzia chini. Mchwa haogopi dawa yoyote ya kusukutua, na mswaki unamchelewesha tu. Alipanda mlimani miaka mitano iliyopita, na sasa vijana wanaopeleka posa wana vinywa vya wazee wa tisini.

Nilimkwangua Nietiwe saa nzima. Alipokuwa akifunga kitambaa chake mlangoni akaniuliza, "Nikisafisha kama ulivyoniambia, meno yangu yana muda gani?"

"Mwaka. Labda miwili."

"Halafu?"

Nikajifanya natafuta glovu.

Na nikuambie kingine ambacho sikumwambia yeye wala mtu yeyote. Mimi mwenyewe, na mswaki wangu na uzi wangu na mdomo wangu wa kuhubiri, kila asubuhi nilikuwa natema mate ya waridi, yenye damu. Nilikuwa naosha beseni haraka kabla mwanangu hajaamka.

2

Mchana wa siku hiyo kipanga, ile ndege ndogo isiyo na rubani, kilishusha kisanduku kutoka kwa Daktari Mfinanga wa wilayani. Ndani mlikuwa na kurunzi ya ukubwa wa kalamu, vipande vitatu vya kitu kama ngozi ya kitunguu, na ujumbe wa sauti.

"Tabibu Nambua," sauti yake ikasema, "tumefukua kumbukumbu za ile maabara iliyosombwa na mafuriko. Miaka sitini iliyopita walitengeneza vijidudu vyema, wakaviita walinzi, wakaviweka kwenye vinywa vya watoto wa kike wa Usangi. Walinzi wanaishi chini ya ufizi na kula wale wabaya. Tumejaribu kwenye bakuli: wanammaliza Mchwa. Tatizo ni kwamba walikufa. Mwaka wa Homa Kubwa kila mtu alipewa vidonge, na vidonge vile viliwaua. Mulika wazee wote wa kike. Ukiona kijani, nipigie hapo hapo, hata kama niko msalani."

Nikazunguka. Jumatatu hadi Jumanne mchana nilimulika vinywa arobaini na kimoja. Kurunzi ilionyesha zambarau tu, rangi ya utando, zambarau juu ya zambarau. Wazee walimeza vidonge vyao kwa utii, Mungu awabariki.

Jumanne jioni nilipita kwa mama mkwe kumchukua mwanangu Tumsifu, mwenye miaka tisa. Baba yake yuko bondeni kwenye pampu za bwawa, kwa hiyo tangu akiwa na miezi minne mtoto anashinda kwa bibi yake. Nilimkuta Bibi Nakunda jikoni, amekaa kwenye kigoda, makande yanachemka, naye anakohoa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Tumsifu. Umechoka wewe. Watu wamekung'ata?"

"Hawana meno ya kuning'atia."

Akacheka mpaka akakohoa. Na alipocheka nikayaona meno yake, yote, yamepangika kama mahindi ya mbegu. Miaka sitini na mitatu! Nilikuwa nimeyaona kila siku kwa miaka kumi na mitatu na sikuwahi kujiuliza swali. Si unajua mkwe na mkwe: nilikuwa nayaangalia nikijiandaa kujibu.

"Mama, hebu fungua mdomo."

"Wa nini? Umemaliza vinywa vya watu, unataka na cha kwangu?"

"Nakuomba, mama."

Nikamulika. Kijani. Kijani kibichi, mstari mzima, juu na chini, kama majani ya maharage baada ya mvua.

Nikakaa chini kwenye majivu, na sketi yangu ya kazini. "Mama, mwaka wa Homa Kubwa, hukupewa vidonge?"

"Nilipewa." Akakoroga chungu. "Yule kijana wa serikali alinifokea. Akaniambia, mama, meza sasa hivi nikuone. Mimi sifokewi kwangu. Nikaviweka chini ya ulimi, alipoondoka nikawatupia kuku."

"Kuku wakawaje?"

"Walitaga sana," akasema.

Nikamkumbatia. Alishtuka, maana hatukuwa watu wa kukumbatiana. Tumsifu aliyekuwa akifanya hesabu zake mlangoni akatukodolea macho, akauliza kama kuna msiba.

3

Vile vipande vya ngozi ya kitunguu vinaitwa viota. Kimoja hakizidi ukucha wa mtoto. Kinachomekwa chini ya ufizi, na walinzi wanahamia humo taratibu, wanazaliana, na baada ya siku tatu kamili unakitoa kikiwa hai. Ukiwachota kwa pamba wanakufa kabla hujafunga mlango. Siku tatu, kinywani mwa mtu, hakuna njia nyingine. Nilikichomeka cha kwanza kwa Bibi jioni ileile, kabla usiku haujaingia, nikampigia Daktari Mfinanga, na nikamsikia mtu mzima analia kwenye simu.

Alhamisi asubuhi Bibi Nakunda alishindwa kuamka.

Kile kikohozi kilikuwa kimeshuka mapafuni. Joto lilikuwa thelathini na tisa na nusu, na alikuwa akivuta pumzi fupifupi kama aliyepanda kilima. Tulimlaza zahanati. Mganga wetu yuko likizo ya uzazi, kwa hiyo kando ya kitanda nilikuwa mimi, kwenye kioo cha simu alikuwa Daktari Mfinanga, na mezani ilikuwa sindano iliyoletwa na kipanga nusu saa kabla.

"Itamponya?" nikauliza.

"Tukiianza sasa, nina hakika kabisa."

"Na walinzi?"

"Watakufa wote kabla ya jioni. Waliomo kwenye kiota pia. Tabibu, kiota kinaiva kesho jioni. Ni saa thelathini na tatu."

"Tukingoja hizo saa thelathini na tatu?"

"Kwa umri wake na hali hiyo ya mapafu... nusu kwa nusu." Akavua miwani. "Sitakuamuru. Sina uso wa kukuamuru. Nina wilaya nzima inayong'oka meno, na pale kitandani ni mama yako."

Nikakaa. Nilifikiria vinywa arobaini na kimoja. Nilifikiria watoto wa darasa la Tumsifu ambao Mchwa bado hajawafikia. Nusu kwa nusu si kifo, kuna sauti iliniambia hivyo, sauti nzuri yenye busara, na nikaichukia kwa sababu ilikuwa inatumia maneno yangu ya mikutanoni.

Bibi Nakunda alikuwa anasikia kila kitu. Akainua kidole.

"Ngojeni," akasema. "Kesho si mbali. Mimi chumvi nimekula ya kutosha. Wangojeeni watoto."

"Mama, unajua unachosema?"

"Najua... kuliko wewe."

Na hapo mlangoni nikamwona Nietiwe. Alikuwa amekuja kukaguliwa ufizi na amesikia. Nilitaka kumfukuza, kwa sababu yeye ndiye niliyekuwa namwogopa kuliko wote, yeye na lile jino lake. Akaingia, akasimama miguuni pa kitanda.

"Tabibu, mpe dawa," akasema. "Tarumbeta inahitaji pumzi. Mimi sitaki kupuliza pumzi ya Bibi."

Akatoka, mkono umeziba mdomo.

Nikachukua sindano. Bibi akauficha mkono wake chini ya blanketi. Unaona watu hawa? Anakufa na bado anabisha!

"Mama, toa mkono."

"Sitoi."

"Mama, Tumsifu akiniuliza bibi yake yuko wapi, nimwambie nini? Kwamba nilikubadilisha kwa meno?"

"Mwambie... nilikataa."

"Hataamini. Anajua mimi sishindwi."

Alitaka kunijibu, kifua kikamkataza. Akakohoa muda mrefu, nikamshika mgongo, mwembamba, mifupa yote naihesabu. Alipotulia akageuzia uso ukutani, na mkono ukatoka chini ya blanketi taratibu.

"Choma basi," akasema. "Mbishi mkubwa we."

Nikachoma. Kwa miaka kumi na mitatu sikuwahi kumshinda hata kwa kipimo cha chumvi, na siku niliyomshinda nililia kuliko yeye.

4

Jumapili alikuwa anakaa, anadai uji wenye limau, analalamika kuhusu godoro la serikali. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na sikujali nani ananisikia. Halafu nikamulika mdomo wake, kwa ajili ya kumbukumbu tu. Kijani kilikuwa kimekwisha. Kiota nilichokitoa kilikuwa cha kijivu.

"Wamekufa?" akauliza.

"Wamekufa, mama. Wewe upo. Nimefanya hesabu zangu na sijutii."

Tumsifu alikuwa nje anarusha kokoto. Nikaanza kumsugua Bibi miguu, na kwa kuwa sikuwa na la kusema nikamweleza sayansi, ndivyo nilivyo. Nikamwambia walinzi hawaingii kinywani kwa kubusu wala kwa kunywea kikombe kimoja. Wenyewe, bila msaada wa maabara, wanashika kwenye ufizi mara moja tu maishani: meno ya kwanza yanapochomoza, ufizi ukiwa na vidonda vidogo vidogo. Ile maabara ilijua desturi ya hapa. Bibi anatafuna makande, anamlisha mjukuu, basi walinzi wanahama na makande.

Mkono wake ukaacha kucheza na pindo la shuka.

"Kumbe," akasema.

"Ndiyo. Na mimi nikaja kuikataza desturi yenyewe." Maana ndiyo kampeni yangu ya kwanza mlimani ilikuwa hiyo, miaka kumi na miwili iliyopita: *Usimtafunie Mtoto*. Nilikuwa na sababu, kifua kikuu na mengine yanapita kwenye mate, na mpaka leo sababu zile ni za kweli. Lakini nilikataza kwa kelele. Sikumkalisha bibi hata mmoja chini nikamuuliza, kwa nini mnafanya? Nilibandika karatasi hadi mlangoni mwa jiko la mama mkwe wangu.

Nje kokoto zinaanguka, ta, ta.

"Mama Tumsifu," akasema Bibi Nakunda, na sauti yake ilikuwa ndogo sana, sijawahi kuisikia ndogo hivyo. "Usinikasirikie."

"Nikukasirikie kwa lipi?"

"Yule mtoto alikuwa halali. Meno yanamsumbua, analia kutwa, uji anautema. Wewe uko kwenye mikutano. Makande yananukia, ananyoosha mkono." Akavuta pindo la shuka. "Nilikuwa nampeleka nyuma ya jiko, nisiione ile karatasi yako. Nilimtafunia. Kila siku. Mpaka alipoweza mwenyewe."

Nikaacha kusugua miguu.

Unajua nilichokuwa nafanya miaka yote hiyo? Kila mkutano wa wazazi nilikuwa namsimamisha Tumsifu juu ya meza. "Tabasamu, mwanangu! Haya, mtazameni, hajawahi kutoka tone la damu, hii ndiyo kazi ya mswaki!" Watu wanapiga makofi. Na ile kurunzi nimeizungusha mlima mzima, kila nyumba, sikuimulika kinywani mwa mwanangu, kwa sababu mimi najua kilichomo, si nimemlea mwenyewe.

"Tumsifu!" nikaita. "Njoo hapa! Acha mawe!"

Akaja anahema, na udongo magotini. Nikamulika. Taa ikawa inacheza kwenye mashavu yake, kisha ikatulia.

Kijani.

"Mama, mbona unalia? Nina Mchwa?"

Nikatikisa kichwa. Nikapiga magoti pale pale kwenye sakafu ya zahanati, sikumgeukia yeye, nikamgeukia bibi yake. Nikashika miguu niliyokuwa naisugua, nikaweka uso wangu juu yake. "Asante, mama," nikasema. "Asante kwa kutonisikiliza."

"Inuka huko," akasema, naye anafuta macho kwa shuka la serikali. "Sakafu ya baridi hiyo."

5

Tumsifu tulimuomba, hatukumlazimisha. Nilimweleza kiota ni nini na kwamba kitawasha.

"Kwa siku tatu?"

"Siku tatu. Na unaweza kukataa."

Akafikiri, ana damu ya kwetu huyu. "Nikikubali, nile makande kwa Bibi kila siku, na wewe usiseme kuhusu chumvi."

"Nisiseme wiki moja."

"Mwezi."

Tukapatana wiki tatu. Kiota kilitoka Jumatano saa nne asubuhi, kijani tupu, na Daktari Mfinanga alipanda mlimani mwenyewe kwa gari la waya kukichukua, amekipakata kama yai. Kutoka hicho kimoja maabara ya wilaya ikakuza vingine, na wiki ya saba kisanduku kikarudi na chupa za matone. Unamchokoa mtu ufizi kidogo kwa sindano, unadondosha, basi.

Nikaita mkutano wa wazazi. Safari hii sikumsimamisha Tumsifu mezani, nilisimama mimi. Nikasema yote, na karatasi yangu ya zamani nikaichana mbele yao. Sikuwaambia warudi kutafunia watoto. Mate yanabeba mema na yanabeba maradhi, na sasa tone tunalo. Sikuwaambia waache mswaki pia, walinzi si watumwa wa mtu mvivu. Niliwaambia tu kwamba nilikuwa na haki nusu na kiburi kizima, na kwamba meno ya watoto wao yameokolewa na mwanamke niliyemfanya ajifiche nyuma ya jiko lake mwenyewe. Mzee mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Mpare ameomba radhi! Andikeni tarehe!" Ukumbi ukaangua kicheko, na mimi nikacheka nao.

Nietiwe alipata tone la kwanza. Jino lake bado linacheza kidogo, mfupa ulioliwa haurudi wote, lakini ufizi umeshika. Juzi nilimsikia anajaribu noti tatu kwa upole.

Tone la Bibi Nakunda Tumsifu alitaka kulidondosha mwenyewe. Tulikuwa jikoni, chungu mekoni. Nikamchokoa Bibi ufizi, nikampa mtoto kichupa.

"Fungua mdomo, Bibi. Leo mimi ndiye ninayekutafunia."

Bibi akafungua, akafumba, akatikisa kichwa. "Halina hata chumvi," akasema, tukacheka wote. Kisha akanitazama mimi. Macho ya mama mkwe, hayo huyakwepi.

"Na wewe je?"

"Mimi? Mimi naanza na wagonjwa, mama. Zamu yangu bado."

"Beseni langu unaliosha kila ukilala hapa," akasema. "Nani anaosha beseni saa kumi na moja alfajiri bila sababu? Mimi nimeyaona yale mate, Mama Tumsifu. Miaka miwili sasa. Nilinyamaza kwa sababu ungebisha."

Nikainama. Uso ulikuwa unaniwaka, na si kwa moto wa chungu.

Akachukua kichupa mkononi mwa mjukuu wake, akajisogeza na kigoda chake mpaka magoti yetu yakagusana. Akanishika kidevu kwa vidole vyake vyenye harufu ya maharage.

"Wewe ulikuja kwangu umeshakuwa mkubwa," akasema. "Sikupata kukutafunia. Haya, mwanangu, fungua mdomo."

Nikafungua. Sikubisha.